Mawaridi ya Arusha, mrehani wa uani

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la usafirishaji katika mimea, huwa naingia darasani na maua meupe na chupa ya wino mwekundu. Wanafunzi wanatumbukiza mabua kwenye wino, na kesho yake petali zimechorwa mishipa myekundu. Hakuna aliyeusukuma ule wino. Majani yanatoa mvuke kwa juu, maji ya chini yanavutwa kupanda. Nimefundisha hivyo miaka kumi na minne, na nilidhani mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa na mawaridi.

Mpwa wangu alimaliza stashahada ya uuguzi. Sherehe ikapangwa kufanyika nyumbani kwa mama yangu, Ngamiani, Tanga, Jumamosi moja ya Desemba, wageni mia na ishirini chini ya maturubai. Kwenye kikao cha kamati mpambaji alileta hesabu yake: viti na vitambaa bei hii, jukwaa bei hii, na maua ya katikati ya meza, meza kumi na mbili, bei ya mbuzi wawili wazima. Mweka hazina alikohoa. Dada yangu akanitazama. Nami, kwa kimbelembele changu, nikasema, "Maua hayo hata mimi naweza." Pwani tunaita hiyo kujipalia makaa.

Walau nilikuwa na akili ya kufanya jaribio wiki moja kabla. Nilinunua krisanthemamu nyeupe, sponji moja ya kijani ile ya kuchomekea maua, nikapanga duara safi, limebana, limelala chini, kijani kimezunguka pembeni. Nililipenda sana. Nikaliweka mezani sebuleni, nikasubiri sifa.

Mama alitoka kuswali alasiri, akasimama mlangoni, akalitazama muda.

"Baba," akaniuliza taratibu, "nani kafa?"

Ukishaambiwa hivyo, huwezi tena kuliona kwa jicho la kwanza. Lugha yetu yenyewe inalipa neno moja kazi nyingi: shada la bibi harusi, shada la asumini kwenye nywele, shada la kaburini. Wanaovalishwa mashada ya nailoni yanayometameta getini siku ya mahafali nao wamo humo humo. Macho ya watu ndiyo yanayotenganisha, na kwa macho ya watu wa kwetu, duara jeupe lililobana na kulala ni la kaburini. Si kwamba rangi nyeupe ina kosa. Asumini ni nyeupe na hakuna anayeililia. Ni ule mduara uliofunga, pamoja na weupe mtupu, pamoja na ulalaji. Toa kimoja kati ya hivyo vitatu, na msiba unaondoka.

Mimi nilivitoa vyote vitatu kwa mpigo, nikavuka mpaka. Nikaamua maua ya sherehe yawe marefu, ya rangi kali, yamesimama. Nikakodi vasi kumi na mbili za kioo, nyembamba, zenye urefu wa karibu nusu mita, na juu ya kila moja nikapanga kuweka bakuli dogo lenye sponji. Ukiongeza maua yenyewe, pambo zima lingefika sentimita themanini hivi. Kwenye picha za simu nilizokuwa nikiziiga, lilipendeza kupita kiasi. Baadaye niligundua kwamba katika picha zile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekaa mezani.

Mawaridi niliagiza Arusha, kwa kuwa kule juu yanalimwa kwa wingi na bei yake ni nafuu kuliko ya kuokota mojamoja huku kwetu. Mia mbili: kumi na matano kwa kila meza, ishirini ya akiba. Njano, chungwa na pinki. Niliyemwagiza aliyafunga vizuri ndani ya maboksi, akayapakia kwenye basi la asubuhi ya Ijumaa. Kosa langu ni kwamba sikumwambia wala yeye wala kondakta kwamba boksi lile lisikae kwenye buti.

Basi liliingia stendi jioni. Buti lilipofunguliwa, joto lilitoka kama unapofungua mlango wa tanuri la mikate. Maboksi yangu yalikuwa yamekandamizwa na mikungu ya ndizi za Moshi, na baadhi zilikuwa zimeshaiva, zinanukia hadi nje. Hapo mwalimu akaamka. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya etilini, na gesi hiyo hiyo inayoivisha ndizi huharakisha uzee wa maua mengi yaliyokatwa. Siwezi kuapa kwamba ndizi ndizo zilizoniua. Saa zile zote bila maji, ndani ya buti lililo karibu na injini, zingetosha peke yake. Lakini tangu siku hiyo maua yangu hayalali chumba kimoja na bakuli la matunda.

Nilipofungua maboksi nyumbani, waridi kama sitini hivi zilikuwa zimeinamisha shingo. Bua limesimama, kichwa kimeanguka. Dada yangu alishika mdomo.

Usiku ule ndio nilioelewa somo langu mwenyewe. Bua la waridi likikatwa na kuachwa hewani, maji yaliyomo kwenye mirija yanaendelea kuvutwa juu, na chini hewa inaingia. Kile kiputo cha hewa kinaziba mrija kama vile bomba la petroli linavyoshika hewa. Ukilitia bua kwenye ndoo kama lilivyo, litasimama ndani ya maji na kufa kwa kiu. Dawa ni kukata upya, sentimita mbili au tatu kutoka mwisho, kwa mshazari, huku ncha iko ndani ya maji, ili kitakachoingia kwanza kiwe maji. Tulikaa uani watu watano na beseni katikati: mimi, dada, mpwa wangu mwenyewe aliyekataa kwenda kulala, na watoto wawili wa jirani. Visu vikali, maana mkasi butu unaponda mirija badala ya kuikata. Majani yote ambayo yangezama majini tukayaondoa, kwa sababu yakizama yanaoza, bakteria wanazaliana, na bakteria nao wanaziba mirija.

Yale sitini yaliyoinama hatukuyasimamisha kwanza. Tulizungushia vichwa vyake karatasi za gazeti ili shingo zinyooke, kisha tukayalaza mazima ndani ya beseni kubwa la kufulia, maji ya mtungi, yaliyopoa. Ilipofika saa sita usiku, kama arobaini yalikuwa yamesimama wima, magumu, utadhani hayajawahi kusafiri. Mpwa wangu alilishika moja akasema, "Mjomba, huyu tumempa dripu." Ishirini yaliyobaki tulichuma petali tu.

Kwenye ndoo za kulazia nilichanganya kitu ambacho mpaka leo sijapata sababu ya kukibadili: kwa kila lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya ndimu, na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, ndimu inayapa maji uchachu kidogo ambao unayasaidia kupanda, na klorini inazuia bakteria. Kila kimoja kitiwe kwenye maji peke yake. Ndimu na ile dawa visikutane kabla ya kuzimuliwa na maji, vinatoa moshi mbaya wa kifua. Ndoo zikae gizani, pasipo na upepo wa feni, usiku kucha. Hatua hii ya kulaza usiku ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua kama maua yatafika saa kumi jioni.

Kumbe nilifanya vizuri usiku ili niharibu asubuhi.

Zile sponji za kijani zina namna yake ya kunywa. Unaiweka juu ya maji mengi, unaiacha, inazama yenyewe polepole mpaka inalingana na uso wa maji. Dakika moja au mbili, basi. Mimi nilikuwa na haraka, turubai linafungwa, mtu wa muziki anauliza umeme uko wapi. Nikazikamata sponji mojamoja, nikazididimiza ndani ya ndoo kwa viganja. Ukifanya hivyo, nje inalowa na kujifunga, hewa inabaki katikati. Ukiigusa unaona imelowa chepechepe. Nikachomeka mawaridi yangu, tukayapandisha juu ya vasi zake, na saa tatu asubuhi uwanja ulipendeza hadi nikapiga picha.

Saa saba mchana, Tanga ya Desemba, nyuzi thelathini na kitu chini ya turubai la plastiki, maua ya meza tano yakaanza kuinama tena. Nilichomoa waridi moja, nikatia kidole ndani ya tundu: katikati sponji ilikuwa kavu kama biskuti. Nikamimina maji juu. Yakateleza pembeni yakaishia kwenye kitambaa cha meza. Sponji ikishajifunga hivyo, hainywi tena, hata uiombe.

Wageni wakaingia. Na hapo likaja lile la urefu.

Meza zetu ni zile za duara za futi tano, watu kumi kila moja. Weka sahani kumi, soda kumi, maji, bakuli la kachumbari, la pilipili, na sinia la pilau likishafika. Nafasi inayobaki katikati ni ya kuweka sufuria ndogo, si zaidi. Na maua ya pambo langu yalianzia palepale kwenye macho ya watu. Niliwaona wazee wa meza ya tatu, watu waliokuwa hawajaonana tangu mazishi ya baba, wanazungumza huku wanainama kushoto na kulia kama wanaochungulia dirishani. Shemeji yangu mmoja akaacha heshima, akalishika pambo, akaliweka chini, kando ya mguu wa kiti. Meza ya pili ikaona. Meza ya tano ikaona. Kufikia wakati mshereheshaji anawakaribisha wazazi wa mhitimu, mapambo saba kati ya kumi na mawili yalikuwa yamekaa chini mchangani, na mtoto mmoja anachuma petali akimtupia kuku.

Nilisimama pale nimevaa suti yangu, sijui nicheke au niondoke.

Aliyeokoa jahazi ni mama. Hakuniambia neno. Aliwaita mashangazi wawili, wakachukua mikasi ya jikoni, wakakusanya yale mapambo ya chini na kuingia nayo uani. Nilipowafuata nikakuta bilauri zimepangwa kwenye jamvi, za kwetu na za kuazima kwa majirani, zile nene za kunywea maji. Walikuwa wanakata mabua ya mawaridi yangu mafupi kama kidole, bila huruma. Mawaridi matano kwenye bilauri, kisha mrehani uliokatwa pale pale ukutani mwa choo ambapo mama hupanda, mafungu mafungu, umejaza nafasi zote. Juu yake vijiti vitatu vya asumini. Shangazi alichana jani la mgomba, akalikunja ndani ya bilauri kabla ya maji ili mabua yasionekane. Hapana sponji, hapana waya. Mrehani wenyewe unashika waridi lisimame, kwa sababu matawi yake yanasukumana.

Dakika ishirini na tano, meza kumi na mbili. Yalifika urefu wa shubiri moja na ushei. Yalipowekwa mezani, watu waliyanusa kwanza kabla ya kuyatazama, na mzee mmoja alinyofoa jani la mrehani akalisugua vidoleni na kuendelea na maongezi yake. Harufu ile haikugombana na pilau. Wanaopanga maua huonya, na ni kweli, kwamba maua yenye harufu nzito hayakai vizuri na chakula. Mrehani na asumini kidogo vimetoka mbali pamoja na pilau yetu, vinajuana. Ila asumini ikiwa nyingi hata yenyewe inafunika iliki, na mama aliwakataza wasizidishe.

Meza kuu niliitegemea haitakuwa na neno, maana pale niliweka mayungi meupe makubwa yaliyokuja na maboksi ya Arusha kama zawadi. Nayo yalikuwa na lake. Ndani ya yungi kuna zile stameni zenye vichwa vya rangi ya kahawia, zimejaa chavua, na chavua ile imeumbwa ing'ang'anie. Mimi ndiye ninayeifundisha hivyo. Mzee aliyetoa dua alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, kanzu yake nyeupe ikapita juu ya ua, ukabaki mstari wa rangi ya manjano kifuani. Mtu akakimbilia na kitambaa chenye maji, akasugua, na mstari ukawa kiraka. Ukipatwa na hilo, usiguse maji. Bandika selotepu juu yake, ondoa, bandika nyingine. Na afadhali zaidi ni kuchomoa zile stameni kwa kidole mara ua linapofunguka, kabla chavua haijakauka. Ua halipungukiwi na chochote. Kanzu tuliifua kwetu, na mzee alisamehe, ingawa bado akiniona huniuliza hali ya maua.

Kitu kimoja tu mezani pale hakikuniaibisha siku nzima. Mhitimu mwenyewe alikuwa ameomba mbele yake kiwekwe kichungu cha bibi yake cha urujuani wa Usambara, kile kinachokaa dirishani kwa mama tangu sisi wadogo. Majani yana manyoya kama sikio la paka, maua ya zambarau madogo madogo. Mmea huu unauzwa vyungu kwa vyungu Ulaya na Marekani, na wengi wanaoununua hawajui kwamba kwao ni hapa, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeupeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la yule ofisa: Saintpaulia. Wasambaa hawakuulizwa. Lile chungu lilikuwa na udongo wake, mizizi yake, na kivuli, kwa hiyo lilikaa tu pale likitutazama tunavyohangaika na vilivyokatwa. Siku hizi nikiombwa ushauri na mtu mwenye meza chache, tatu au nne, humwambia aweke mimea ya vyungu, mgeni aondoke nayo. Ila mche wa kununua bustanini. Ule wa porini uachwe kwenye jiwe lake, umebaki mchache.

Tangu hapo nimefanya sherehe nyingine nne za ndugu na walimu wenzangu. Siagizi tena mawaridi mia mbili. Naagiza themanini, yapande basi juu pamoja na abiria, mtu wa kuyashika analipiwa soda. Yanakuja Alhamisi kwa sherehe ya Jumamosi, ili yapate usiku mmoja wa kunywa na siku nzima ya kufunguka. Waridi lililokuja limefumba kabisa siku ya sherehe yenyewe litakaa limefumba mpaka wageni wameondoka. Kazi kubwa naiachia mimea ya hapa hapa: mrehani, majani ya mkindu, na helikonia, yale maua mekundu yanayoning'inia kama midomo ya kasuku, ambayo hayajali joto. Hayo ukiyakata yanakunywa kidogo sana, kwa hiyo nayalowesha mazima kwanza. Bogenvilia niliijaribu nikaiacha. Inapendeza ukutani, lakini ukiikata inalegea kabla hujamaliza kufunga turubai. Inafaa kuelea tu kwenye bakuli la maji.

Sponji pia nimeacha. Si kwa hasira, ingawa hasira ipo. Ni plastiki, haiozi, inamomonyoka unga unga na kuishia mferejini. Kwa chombo kipana nakunja waya wa kuku kama mpira na kuutia ndani, au napitisha selotepu mdomoni mwa chombo, mistari ya kukatana kama wavu, kila tundu bua moja au mawili.

Na kabla ya kuondoka mezani nakaa kwenye kiti. Naweka kiwiko juu ya meza, nakunja ngumi, nasimamisha mkono. Ua likivuka ngumi, linakatwa. Mpambaji mmoja kijana aliniona nikifanya hivyo kwenye meza zote kumi na tano, moja baada ya nyingine, akaniuliza kama mkono unaniuma.

Jumapili ile, asubuhi baada ya sherehe, mama alikusanya bilauri ili azirudishe kwa wenyewe. Alihesabu mara mbili. Kumi na moja. Tulitafuta chini ya viti, jikoni, hadi kwenye gari lililobeba viti. Mama alinuna kidogo, kwa sababu ile ilikuwa ya kuazima.

Tuliiona wiki ya pili. Ilikuwa dirishani kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye aliondoka nayo usiku mkononi akisema ataileta kesho. Mawaridi yalikuwa yameshakauka na kuondolewa. Ndani kulikuwa na mrehani peke yake, mabua manne, na chini yake, kwenye maji, mizizi myeupe mirefu kama nyuzi. Mama aliitazama akakataa kuidai. Nilirudi siku iliyofuata na bilauri nyingine mpya ya dukani, nikampelekea yule aliyetuazima.